Adabu za Mbio za Barabarani

Tangu nilipostaafu ukuu wa chuo cha ualimu mwaka 2011, watu huniuliza mambo mawili: kama pensheni inatosha, na kwa nini mtu wa umri wangu huonekana barabarani alfajiri akiwa amevaa bukta. La kwanza tuliache. La pili limenipatia marafiki, na miongoni mwao wamo vijana, wengi wao walimu niliowafunza, ambao wamejiandikisha katika mbio zao za kwanza na wanataka kujua wajiandae vipi. Nimekuwa nikiwajibu kwa mdomo, mmoja mmoja, kibarazani. Sasa nimeona heri niandike, maana nimepita miaka sabini na koo langu si la darasani tena.

Wanaokuja huuliza habari za viatu, chakula na maji. Ni maswali mazuri na nitayajibu. Lakini sijapata kuulizwa na mtu hata mmoja: je, huko barabarani nitaishije na wenzangu? Mtu akialikwa harusini huuliza avae nini, aketi wapi, atoe nini. Akienda kwenye mbio zenye watu maelfu huona miguu yake inatosha.

Nadhani chanzo ni mchakamchaka. Sisi tuliopitia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha tukawaamsha wanachuo wetu kwa mchakamchaka miaka nenda miaka rudi, tulijifunza kukimbia kwa namna moja tu: mistari imenyooka, mwimbishaji yuko mbele, hatua moja, wimbo mmoja. Katika mchakamchaka huna haja ya kumfikiria jirani yako, maana wimbo unawafikiria nyote. Aliyechoka hufichwa katikati, kiranja hukimbia pembeni akichunga, na kasi ni ya kundi. Mbio za barabarani hazina wimbo wala kiranja. Mko maelfu, hamjuani, kila mmoja ana kasi yake na sababu yake ya kuja. Utaratibu wote ambao zamani uliimbwa kwa sauti sasa unatakiwa ukae kimya ndani ya kichwa cha kila mmoja wenu, na asipokuwa nao hakuna wa kumpa adhabu ya kufyeka majani.

Mimi nilianza na nusu marathoni ya Kilimanjaro, mwaka 2014, nikiwa na miaka 63. Mbio hizo zilianza mwaka 2003 hapa kwetu Moshi, na njia ya nusu marathoni, kilomita 21 na ushei, hupanda kutoka mjini kuelekea Mweka, katikati ya migomba na kahawa, kisha hugeuka na kuteremka. Sishauri mtu aanze na umbali huo. Siku hiyohiyo zipo mbio za kilomita tano, na mtoto wa darasa la kwanza hapewi mtihani wa darasa la saba. Mimi nilikuwa nimekwisha kutembea na kukimbia polepole kwa miaka miwili.

Binti yangu ni muuguzi. Nilipomwambia kwamba nimejiandikisha hakubishana nami. Alileta kipimo cha presha, akakiweka mezani, akasema, "Baba, kwanza mkono." Namshauri kila aliyevuka miaka arobaini aanzie hapo, na pia kijana ambaye katika ukoo wake kuna mtu aliyeanguka ghafla. Kupima presha hakuchukui muda mrefu kuliko kunywa kikombe cha chai. Baada ya kuridhika alinipa kanuni moja ambayo nimeirithisha kwa wote walionijia: kimbia kwa kasi ambayo unaweza kusema sentensi nzima bila kuikata. Sentensi ikikatika, punguza. Siku tatu kwa wiki zinatosha, na baina yake kuwe na siku ya kupumzika. Mojawapo iwe ya mwendo mrefu unaoongezwa kidogo kidogo, na wiki ya mwisho upunguze. Walimu tunaifahamu hiyo. Anayekesha usiku wa kuamkia mtihani huingia chumbani na macho mekundu na kichwa kitupu.

Viatu visivaliwe kwa mara ya kwanza siku ya mbio. Sijali vimetoka dukani au vimechaguliwa kwenye mitumba pale Memorial, mradi mguu wako umekwisha kuvizoea kwa wiki kadhaa. Kamba zifungwe fundo mara mbili. Mafuta ya mgando yapakwe kwapani, kati ya mapaja, na kwa sisi wanaume kwenye chuchu, maana jasho na fulana vikisuguana kwa saa mbili damu hutoka. Hilo nililisoma kwenye fulana ya mtu mwingine, kwa sababu watu huona haya kulisema. Chakula kiwe kile ulichokizoea. Usiku wa kuamkia mbio si usiku wa kuonja upishi mpya wa shemeji.

Kuhusu maji nina neno zaidi. Vijana wameambiwa wanywe, wanywe, wanywe. Katika mbio za Boston za mwaka 2002 madaktari walichukua damu za wakimbiaji 488 baada ya kumaliza, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba asilimia 13 walikuwa na upungufu wa chumvi mwilini, na dalili kubwa ilikuwa kwamba wengi wao walikunywa maji mengi mno njiani, hata wakawa wazito kuliko walivyoanza. Hali hiyo huweza kuua. Kiu aliyokupa Mungu inajua kazi yake. Isikilize, wala usishindane na meza ya maji.

Sasa adabu.

Ya kwanza huanza kabla ya bunduki kulia. Simama mahali panapolingana na kasi yako. Wageni hupenda kusogea mbele kabisa, pengine kwa ajili ya picha, na bunduki ikilia huwa kama jiwe katikati ya mto: maji yanagawanyika, yanagongana, na mtu anaanguka. Katika mbio nyingi kubwa siku hizi kifuani au kiatuni pana kifaa kidogo kinachohesabu muda wako tangu unapovuka mstari, kwa hiyo aliye nyuma hapunjwi kitu. Mimi nilisimama karibu na mwisho, pamoja na akina mama wa kikundi kimoja waliokuwa wakicheka kwa sauti kubwa, na sijapata kuona mwanzo mwema kuliko ule.

Kisha ni upande. Nchini kwetu magari huenda kushoto, nasi wa polepole tukae kushoto, anayetupita apite kulia. Marafiki wanne wasishikamane upana wa barabara kama ng'ombe wanaokwenda mnadani. Ukitaka kutembea, na kutembea si aibu, inua mkono, sogea pembeni kwanza, ndipo utembee. Anayesimama ghafla katikati ya njia humfanya aliye nyuma yake alipe deni lisilo lake. Ukitaka kutema mate, tazama nyuma. Na kama huwezi kukimbia bila muziki, acha sikio moja wazi, kwa kuwa mtu anayekuomba njia hana kitu kingine cha kukuombea ila sauti.

Hapo ndipo uzee wangu ulipopata somo. Kwa miaka mingi nilipopita kwenye ukumbi wa chuo watu walinipisha. Katika ile njia ya Mweka, kabla ya kilomita ya tatu, nilisikia nyuma yangu, "Kulia kwako, mzee!" Hakuna shikamoo, hakuna samahani. Kijana alipita kama upepo. Moyo wangu wa ukuu wa chuo ulinuna kwa hatua kama kumi. Halafu nikafikiri: kijana huyu amefanya nini kibaya? Amenijulisha alipo, amenitaja kwa heshima inayotosha pumzi yake, hakunigusa. Angenisukuma kimya kimya, huo ndio ungekuwa utovu wa adabu.

Mbele kidogo nikapatwa na shida ya upande wa pili. Walikuwamo vijana wenye malezi mema mno. "Shikamoo, babu!" Nikajibu, "Marahaba, mwanangu." Hatua ishirini mbele: "Shikamoo, mzee!" Marahaba. "Shikamoo, mwalimu!" Huyo alinifahamu, akataka pia kujua habari za nyumbani. Msomaji ajaribu kupanda mlima huku akiitikia salamu za watu mia. Kufika kilomita ya saba nilikuwa nimekwisha kutumia pumzi ya kilomita nzima kwa marahaba peke yake, na kutoitikia shikamoo siwezi, hata nikiwa kitandani sijiwezi. Nikapata suluhisho: kuinua mkono wa kulia na kutikisa kichwa. Nimeitumia hadi leo, na sijasikia malalamiko. Lakini kama wewe ni kijana na unampita mzee mlimani, mpe shikamoo yake baada ya mbio, pale kwenye kivuli. Ataifurahia zaidi.

Tulipokuwa bado tunapanda, waliotangulia walianza kuteremka. Hiyo ni baraka ya njia ya kwenda na kurudi: mtu wa kawaida anakutana uso kwa uso na mabingwa. Wape nafasi yao, usivuke upande wao kutafuta kivuli, na piga makofi kama mikono ina nguvu. Walipita wamekunja nyuso, miguu yao haitoi sauti. Nilimkumbuka Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, ambaye kwake maandalizi yalikuwa na thamani kuliko hamu ya kushinda. Nadhani angewapenda wale vijana.

Kwenye meza za maji usikimbilie meza ya kwanza, ambako wote wanarundikana. Nenda ya mwisho. Pokea, sema asante, sogea. Wanaogawa maji aghalabu ni vijana wa shule waliosimama juani tangu asubuhi, na kati ya maelfu wanaopita ni wachache mno wanaowashukuru. Chupa usiiachie miguuni mwa wenzako, maana chupa yenye maji nusu huviringika kama gogo. Itupe pembeni kabisa, au ubebe hadi penye pipa. Nilimaliza kwa saa mbili na dakika hamsini na nne. Nimeandika ili msomaji asidhani anasoma maneno ya bingwa.

Yote niliyosema hadi hapa yanahusu usumbufu mdogo mdogo. Jambo linalonifanya niandike kwa uzito ni hili lifuatalo.

Mwaka 2018 nilikwenda katika mji mwingine, sitautaja, kwenye mbio za hisani. Nilikimbia kilomita kumi. Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Yapata kilomita mbili kabla ya mwisho nilimwona kijana mbele yangu akienda mrama, kulia na kushoto, kama mtu aliyetoka kilabuni. Watu walimpita; wengine walimcheka. Mama mmoja aliyekuwa karibu nami akasema, "Huyu hajalewa," na kabla hajamaliza kijana akaanguka.

Tulisimama watatu: mama yule, mimi, na bwana mmoja aliyekuwa anakimbia vizuri sana na ambaye angeweza kuendelea. Tulimburura kwenye kivuli cha mwarobaini. Ngozi yake ilikuwa moto kama kikaango, naye alikuwa akisema maneno yasiyoungana. Tulimvua fulana, tukammwagia maji shingoni na kwapani, tukampepea kwa kofia. Bwana yule alitaka kumnywesha. Mama akamzuia, akasema mtu asiyejitambua hanyweshwi, atapaliwa. Gari la wagonjwa lilifika upesi. Kwa kuwa hapakuwa na ndugu, nilipanda naye.

Garini niliishika ile fulana yake. Namba ilikuwa imebanwa kwa pini nne, vizuri kabisa. Nikaigeuza. Upande wa nyuma palikuwa na nafasi ya kuandika jina, simu ya ndugu na ugonjwa kama upo. Palikuwa peupe. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa tarakimu za siri. Hata hivyo waandaaji walikuwa na orodha, na kwa namba ile walipata jina na simu ya mzazi. Wakapiga.

Hazikupita dakika arobaini mama mmoja akaingia hospitalini. Alikuwa peku mguu mmoja, khanga imefungwa upande, na nyuma yake majirani wanne ambao nyuso zao zilikuwa zimekwisha kuvaa msiba. Nilisimama kumpokea, nikampa pole, nikamwonyesha kitanda. Akakimbilia. Akasimama. Akamtazama yule kijana usoni muda mrefu, kisha akanigeukia, akasema kwa sauti ndogo sana, "Mzee, huyu siye wangu."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwanawe aliitwa kazini ghafla usiku ule. Ili ada isipotee bure akampa rafiki yake namba, na rafiki, ambaye hakuwa amekimbia hata siku moja tangu shule, akaona ni bahati. Kazini simu zilikuwa zimezimwa. Mama, aliyejua kwamba mwanawe anakimbia siku ile, alipiga, akapiga tena, hakupata, akaamini alivyoweza kuamini.

Alicheka, akalia, akaketi sakafuni. Mmoja wa majirani akampepea. Nilidhani atainuka na kwenda zake. Badala yake aliuliza, "Sasa wa kwake wako wapi?" Hakuna aliyejua. Basi akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda, akaushika mkono wa kijana asiyemfahamu, na hakuondoka mpaka saa tisa alasiri, kijana alipoweza kutaja jina lake na kijiji cha wazazi wake. Daktari alisema maji yale ya chini ya mwarobaini yalikuwa yamefanya kazi kubwa. Kijana alipona. Mwenye namba alifika jioni, nami nilitoka nje ili nisisikie anayoambiwa na mama yake.

Tangu siku ile, akija mtu kuniambia kwamba amepewa namba na rafiki, au ameuziwa kwa bei ya chini, nafuta kicheko. Namba ya kifuani ni jina lako mbele ya watu wasiokujua. Kama huwezi kwenda, waulize waandaaji kama wanaruhusu kubadilisha jina. Wakikataa, ada hiyo imekwenda, iache iende. Tumekwisha kutoa michango mingi mikubwa kuliko hiyo kwa harusi ambazo hatukupata hata soda.

Hapo wapo wanaonijia na mfano wa John Stephen Akhwari. Wananiambia: mbona yeye hakuacha? Nilikuwa na miaka 17 wakati ule, Oktoba 1968, na habari zake tulizisimulia kwa fahari. Katika mji wa Mexico, juu milimani, Akhwari alianguka akaumia goti, akafungwa bendeji, akaingia uwanjani giza limekwisha kutanda, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye akawa wa 57. Alipoulizwa, alijibu kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza. Ni kisa kikubwa na nimekifundisha mara nyingi. Lakini Akhwari alikuwa mwanariadha aliyetumwa na taifa lake, na alijua maumivu ya goti lake ni nini. Kisa chake hakikutolewa kwa ajili ya mtu aliyelala saa nane usiku, akaamka akavaa namba ya rafiki. Goti likiuma unajua kuwa linauma. Joto likikupanda kichwani, kitu cha kwanza linachokinyang'anya ni ile akili ya kujua kwamba unaumwa. Ukianza kuhisi baridi juani, au kizunguzungu, au ukasahau upo kilomita ya ngapi, toka njiani, kaa kivulini, umwambie mtu. Na ukimwona mwenzako yuko hivyo, simama. Muda wako utaupata mbio nyingine.

Kuhusu mwisho sina mengi. Ukivuka mstari usisimame juu yake, wala usilale. Endelea kutembea, walio nyuma yako wanakuja kwa nguvu zao za mwisho na hawana breki. Hata mabingwa huupigania mstari ule hadi hatua ya mwisho: Alphonce Simbu wetu, huko Tokyo Septemba 2025, aliutwaa ubingwa wa dunia kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, baada ya kilomita 42. Pokea medali yako, kunywa maji taratibu, kisha, kama miguu inaruhusu, rudi pembeni mwa njia uwashangilie wanaomaliza nyuma yako. Hao ndio wamekaa juani muda mrefu kuliko wote.

Na kabla ya hayo yote, usiku wa kuamkia mbio, namba ikiwa mezani, igeuze. Andika jina lako kamili, simu ya mtu atakayepokea, dawa unazotumia na zile zinazokudhuru. Usitumie kalamu ya kawaida, jasho litaifuta. Tumia makapeni, ile tuliyoandikia chati za kufundishia. Aliyeko Moshi na hana, apite nyumbani. Ninazo mbili, nyeusi na ya bluu, ila ya bluu inaelekea kukauka.